Mapenzi Hayathibitishwi kwa Kifo

Iko fikra moja mbaya iliyoota mizizi vichwani mwa vijana wengi: kwamba apendaye kwelikweli hufa kwa ajili ya mpenzi wake, na anayebaki hai hakupenda sana. Fikra hiyo hulishwa na nyimbo, filamu na visa vya kale. Tena wapo wanaodai kwamba hata mabingwa wa uchoraji wa Ulaya wa karne ya 17, enzi ya Baroko, waliihubiri, kwa kuwa walipenda mno kuchora wapenzi wa ngano za Wagiriki na Warumi wakifa. Nasema hapana. Mwenye shaka na aitazame kwa makini picha aliyoichora Mfaransa Nicolas Poussin huko Roma mwaka 1651, ambayo leo imo katika makumbusho ya Städel mjini Frankfurt, Ujerumani.

Kisa kilichochorwa humo kilisimuliwa na Ovid, mshairi wa Roma ya kale. Pyramus na Thisbe walikuwa majirani mjini Babeli, nyumba zao zikitenganishwa na ukuta mmoja. Wazazi walikataa wasioane. Vijana wakawa wananong'onezana kupitia ufa wa ukuta ule, mwishowe wakaagana watoroke usiku na kukutana chini ya mforosadi, penye kaburi la mfalme Ninus. Thisbe akatangulia. Akamwona simba jike, mdomo umejaa damu ya ng'ombe, akakimbilia pangoni na mtandio wake ukaanguka njiani. Simba akaurarua na kuupaka damu. Pyramus alipofika na kuuona, hakutafuta, hakungoja kupambazuke. Akakata shauri palepale kwamba mwenzake ameliwa, akajiua. Thisbe alitoka mafichoni mzima wa afya, akamkuta anakata roho, naye akamfuata.

Usilolijua ni usiku wa giza, na kijana huyu aliuhukumu usiku kwa kipande cha nguo! Niambieni, hapo kilichoua ni mapenzi au ni pupa?

Sasa tuirudie picha. Turubai ina upana wa mita 2.7 hivi na kimo kinachokaribia mita 2. Ungetazamia wapenzi wajae humo, nyuso zao ziking'aa. Sivyo. Poussin amewaweka chini kabisa, wadogo: Pyramus amelala chini, Thisbe anamjia mbio, mikono ameitanua. Sehemu kubwa ya picha ni dhoruba. Radi inapasua mawingu, miti imepindwa na upepo, wachungaji wanakimbia na mifugo yao, simba amemrukia farasi mweupe. Poussin alimweleza mchoraji mwenzake, Jacques Stella, kwa barua kwamba alikusudia kuonyesha tufani ya nchi kavu, na kila mtu humo akitenda kama tufani inavyomsukuma. Hakuna mbingu iliyofunguka kuwapokea wapenzi. Lakini katikati ya vurumai hiyo lipo ziwa, na maji yake yametulia tuli. Wataalamu wamebishana sana juu ya ziwa hilo. Mimi naliona kuwa ndilo neno zito kuliko yote pichani: utulivu ulikuwapo, tena karibu, ila aliyekumbwa na tufani hakuutazama.

Wengine walichora misiba kama hiyo. Rubens alimchora Leander aliyekufa maji na mpenzi wake Hero akijitupa baharini. Guercino, mwaka 1631, alimchora malkia Dido akifa juu ya kuni alizozipanga baada ya kuachwa na mpenzi wake Aeneas. Katika utenzi wa mshairi Virgil unaosimulia kisa hicho, aliyesaidia kuandaa kuni zile ni Anna, ndugu yake wa damu, bila kujua ni za nini. Alikuwa karibu hivyo, wala hakuambiwa neno!

Enyi wazazi, mna haki ya kumkataa mchumba msiyemridhia, lakini hamna haki ya kufunga mazungumzo. Ovid anamaliza kwa kusema majivu ya vijana wale yaliwekwa katika chombo kimoja. Waliowanyima nyumba moja wakawakubalia chungu kimoja. Mwiteni mtoto leo, mkae naye, mmsikilize hadi amalize. Nanyi walimu na watunzi, acheni kuwaremba wafu wa mapenzi. Tusimulieni na lile la mtandio.

Na wewe kijana uliyeachwa, au uliyekataliwa posa, unayesoma haya moyo ukiwa mzito, nakusihi: usikate shauri lolote usiku, wala ukiwa peke yako. Mwamshe mtu. Mwambie mama, shangazi, rafiki, shehe au padri, au nenda kituo cha afya ukaseme wazi linalokusibu. Fanya hivyo leo hii, kabla hujalala.