Usingoje furaha kubwa, ndogo zinapita mlangoni

Ukimwuliza mkazi wa Machakos siku hizi atafurahi lini, aghalabu atakutajia jambo lililo mbali. Atafurahi karo ya watoto ikiisha. Atafurahi akinunua ploti kule Kyumbi. Atafurahi mwanawe akipata kazi Nairobi, au mvua ikinyesha vizuri mwaka huu. Vijana nao watakuambia kwamba watafurahi siku ile mkeka wao wa kamari ya mpira utakapoitika. Ni wachache mno watakaokuambia kuwa wamefurahi leo, saa nne asubuhi, kwa sababu ya jambo dogo tu ambalo hawakulipanga.

Maoni yangu ni kwamba hapo ndipo penye tatizo, na tatizo hilo linatugharimu afya.

Furaha ninayoizungumzia si ile ya arusi wala ya Krismasi. Hiyo hupangwa na huja na gharama zake. Nazungumzia ile inayomjia mtu ghafla katikati ya siku ya kawaida: harufu ya udongo mkavu unapopigwa na matone ya kwanza ya mvua, utingo anayetaniana na ajuza mpaka matatu nzima inaangua kicheko, rafiki wa shule ya msingi unayekutana naye sokoni baada ya miaka 20, sahani ya muthokoi ulioiva barabara siku ambayo ulikuwa na njaa kweli kweli. Mambo haya hayana bei. Hakuna anayeyapanga, na yakipita bila kutambuliwa, hayarudi.

Afya si kukosa ugonjwa tu

Huenda msomaji akauliza mambo haya yanatafuta nini katika ukurasa wa afya. Jibu ni rahisi. Katiba ya Shirika la Afya Ulimwenguni, iliyoanza kutumika mwaka wa 1948, inaeleza kuwa mtu mwenye afya ni yule aliye mzima kimwili, kiakili na katika maisha yake pamoja na wenzake. Kutokuwa na ugonjwa peke yake hakutoshi.

Humu nchini, jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga kuchunguza afya ya akili lilitoa ripoti yake mwaka wa 2020. Lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Aidha, lilipendekeza kuundwe tume ya afya ya akili na furaha. Jina la tume hiyo huenda likamchekesha mtu, lakini wataalamu hawakuliandika neno furaha katika ripoti ya serikali kwa mzaha. Walikuwa wamezunguka nchi na kuwasikiliza wananchi.

Hebu tutazame mwili unavyofanya kazi. Mtu anapopatwa na hofu au hasira, mwili humwaga katika damu homoni kama vile adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio na shinikizo la damu hupanda. Hali hiyo inafaa sana ukifukuzwa na nyati, kwa maana nyati ataondoka nawe utapumzika. Deni haliondoki. Karo haiondoki. Msongamano wa magari pale Mlolongo utaukuta tena kesho. Mwili unaokaa katika tahadhari mwezi baada ya mwezi hukosa usingizi, kinga yake hudhoofika na moyo wake huchoka.

Mwaka wa 2000, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Barbara Fredrickson, na wenzake walichapisha uchunguzi wa kuvutia kuhusu jambo hili. Waliwaambia wanafunzi watayarishe hotuba kwa muda mfupi sana, na mioyo ya wanafunzi hao ikaanza kwenda mbio kwa wasiwasi. Kisha wakaonyeshwa filamu fupi. Wale walioonyeshwa filamu ya kuchekesha au ya kutuliza, mioyo yao ilirudi katika hali ya kawaida upesi kuliko ya wale walioonyeshwa filamu ya huzuni au isiyogusa hisia zozote.

Maana yake ni kuwa kicheko cha dakika moja stendini hakikulipii karo, lakini huupa moyo wako nafasi ya kutua mzigo kabla ya kubebeshwa mwingine. Mtu anayepata nafasi kama hizo mara tano kwa siku hawezi kuwa sawa na yule asiyepata hata moja.

Waliopata mamilioni

Sasa turudi kwa kijana wetu anayengoja mkeka. Mwaka wa 1978, Philip Brickman na wenzake wawili walichapisha matokeo ya uchunguzi kuhusu watu 22 walioshinda bahati nasibu katika jimbo la Illinois, Marekani. Waliwalinganisha na watu 22 wa mitaa hiyo hiyo ambao hawakushinda kitu. Ilibainika kuwa washindi hawakuwa na furaha iliyozidi sana ile ya wenzao. La ajabu zaidi ni kwamba mambo madogo ya kila siku, kama vile kuzungumza na rafiki, kusikia mzaha au kula kiamshakinywa, yaliwafurahisha washindi hao kidogo kuliko yalivyowafurahisha wale ambao hawakushinda.

Waliochunguzwa walikuwa wachache, na uchunguzi mmoja hauwezi kuwa sheria. Hata hivyo, unatupa jambo la kufikiria. Yule kijana anayekodolea simu macho usiku kucha akingoja matokeo ya mechi za Ulaya anapoteza mara mbili. Anapoteza pesa, na anaipoteza jioni yenyewe: ndugu zake wanaocheka jikoni, chai inayopoa mbele yake, rafiki aliyekuja kumtembelea akaondoka bila kuzungumziwa. Hata siku akishinda, huenda akakuta ladha ya mambo hayo imekwisha kupungua.

Wala si wacheza kamari peke yao. Mwaka wa 2010, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya kuwauliza watu wazima 2,250, kupitia simu zao, walikuwa wakifanya nini na wakifikiria nini kila walipopigiwa kengele. Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo, watu walikuwa wakifikiria jambo jingine kabisa kuliko lile walilokuwa wakilifanya. Na kwa kawaida walikuwa na furaha ndogo zaidi fikira zao zilipokuwa mbali.

Wenyeji wa hapa wanaielewa hali hiyo vyema. Mji wetu uko yapata kilomita 60 kutoka Nairobi, na wengi huondoka alfajiri na kurudi usiku. Mwili uko Machakos lakini akili imebaki ofisini. Asubuhi mwili uko ofisini lakini akili inawaza maji ya nyumbani. Mtu kama huyo anaweza kupita kando ya vilima vya Iveti vikiwa kijani kibichi baada ya mvua, mwezi mzima, asivione.

Walioimba wakichimba

Wazee wa Ukambani hawakusoma saikolojia, lakini walijua jambo tulilolisahau. Fikiria mwethya, yaani majirani kukusanyika na kufanya kazi ya kila mmoja kwa zamu. Katika miaka ya 1930 ardhi ya Machakos ilikuwa imemomonyoka vibaya. Kitabu kilichoandikwa na Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, kikachapishwa mwaka wa 1994, kinaeleza jinsi wilaya hii ilivyopata watu wengi zaidi na bado mmomonyoko ukapungua. Siri mojawapo ilikuwa matuta ya kuzuia maji, na matuta mengi yalichimbwa na vikundi, hasa vya kina mama.

Kina mama hao walichimba wakiimba. Hakuna aliyesema, "Tutaimba matuta yakiisha." Wangalingoja hayo yaishe, wasingaliimba kamwe, kwa sababu kilima kimoja kikiisha kulikuwa na kingine. Hali kadhalika mwanamke aliyekwenda sokoni akisuka kiondo njiani: mikono ilikuwa kazini, lakini masikio na mdomo vilikuwa kwa mwenzake, na vicheko vyao ulivisikia kabla hujawaona.

Sisemi maisha yale yalikuwa mepesi. Kulikuwa na njaa, na wakati wa ukoloni watu walilazimishwa kuchimba. Ninalosema ni kwamba furaha iliwekwa ndani ya kazi, wala haikuahirishwa hadi kazi iishe.

Mwalimu mwingine tulio naye ni mtoto. Mvua za Novemba zikinyesha na kumbikumbi wakaanza kuruka, watoto hutoka mbio na mikebe na masufuria, wakianguka na kuinuka. Mtu mzima husimama mlangoni akilalamika kuhusu matope. Hata hivyo, mpeleke mtu mzima huyo huyo kule Kyamwilu, upande wa Kituluni, ambako maji yakimwagwa barabarani huonekana kana kwamba yanapanda mlima. Ni macho tu yanayodanganywa na jinsi ardhi ilivyoinama, lakini utamwona bwana mwenye suti akichutama na chupa ya maji, akicheka kama mtoto wa darasa la tatu. Uwezo wa kufurahi haukufa. Umekosa nafasi tu.

Si dawa ya njaa

Najua kuna atakayesema kwamba haya ni maneno ya walioshiba. Ni kweli kwamba ni kejeli kumwambia mtu ambaye hajala tangu jana afurahie machweo. Furaha ndogo haichukui mahali pa mshahara wa haki, maji ya mfereji wala dawa hospitalini, na yeyote anayewahubiria wananchi furaha ili wanyamaze asisikizwe.

Lakini tusiwadharau maskini kwa kudhani kwamba hawana furaha. Pita sokoni usikilize mazungumzo yao.

"Mwaitu, nyanya hizi ni pesa ngapi?"

"Ishirini, mwanangu. Lakini kwa uso huo uliokunja, zitakuwa thelathini."

Mnunuzi atacheka, muuzaji atacheka, na jirani yake anayeuza maembe atadakia. Mama huyo pengine ana mikopo miwili na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo. Mzaha wake si dalili kwamba hana shida. Ndio unaomwezesha kuubeba mzigo huo mpaka jioni.

Dalili ya kuangaliwa

Kuna jambo moja ambalo kila msomaji anapaswa kulijua. Kutofurahishwa na chochote si tabia tu. Mtu aliyezoea kupenda chai yake, kwaya yake, mifugo yake au wajukuu wake, halafu kwa muda wa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, akawa haoni ladha ya chochote, huenda anaugua ugonjwa wa huzuni, ambao madaktari huuita depresheni. Kupotea kwa raha katika mambo ya kawaida ni mojawapo ya dalili mbili kuu za ugonjwa huo. Nyingine ni huzuni isiyoisha. Mara nyingi huandamana na kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula, uchovu na kujiona huna maana.

Mtu kama huyo usimwambie ajikaze, wala usimsomee makala haya. Si mvivu na hakurogwa. Ugonjwa huo hutibika kwa ushauri wa wataalamu na, inapobidi, kwa dawa. Mpeleke akamwone mhudumu wa afya. Akianza kuzungumza kuhusu kujiua, usimwache peke yake, na afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Hii ndiyo sababu nyingine ya kuzijali furaha ndogo. Asiyezitambua zikiwapo hawezi kutambua zikitoweka, kwake yeye wala kwa mkewe, mumewe au mwanawe.

Tufanye nini?

Furaha isiyopangwa haiwezi kuandikwa katika ratiba. Ukisema, "Saa tisa nitafurahi," umeiharibu. Unaloweza kufanya ni kuiachia mlango wazi. Ondoka nyumbani dakika kumi mapema, ili ukisalimiwa njiani usione salamu kuwa usumbufu. Ukiulizwa habari za nyumbani, jibu kikamilifu, nawe uulize. Simu ikae mfukoni wakati wa kula. Ndani ya matatu, tazama nje ya dirisha angalau nusu ya safari. Jumapili alasiri, acha saa moja isiyo na kazi wala mkutano, uone itakuletea nini.

Jioni, badala ya kuwauliza watoto alama walizopata peke yake, waulize ni kitu gani kiliwachekesha leo. Kisha nao wakuulize wewe. Ukikosa jibu siku moja, si neno. Ukikosa wiki nzima, jichunguze.

Waajiri nao wasione wafanyakazi wanaocheka wakati wa chai kuwa wazembe. Dakika hizo huwarudishia nguvu za kumalizia siku.

Wahenga walisema kuwa haba na haba hujaza kibaba. Tumeizoea methali hiyo tunapozungumza kuhusu akiba ya pesa, lakini inafaa vilevile kwa akiba ya moyo. Karo italipwa, na nyingine itadaiwa. Ploti itanunuliwa, na ujenzi utaanza kukusumbua. Siku ya leo, pamoja na chai yake, mzaha wake na wingu lake juu ya Iveti, haitakungoja umalize.