Kutapika kwa Mjamzito Kusipuuzwe

Mjamzito anapotapika, mara nyingi huambiwa: "Ni mimba tu, vumilia." Kauli hiyo ina ukweli, kwani kichefuchefu huwapata wajawazito walio wengi, kwa kawaida huanza kabla ya wiki ya 9 na kupungua kuelekea wiki ya 16 hadi ya 20. Lakini mkoani Katavi, ambako malaria ingalipo, kauli hiyo yaweza kuficha hatari, kwa kuwa malaria nayo hutapisha.

Homa si dalili ya mimba. Asiyeweza kubakiza tumboni hata maji kwa siku nzima, au anayepata mkojo kidogo wenye rangi nzito, anahitaji tiba, si nasaha za uvumilivu. Kwa mama wa Karema au Mishamo, aliye mbali na hospitali za Mpanda, kuchelewa kuanza safari ni hatari ya pili.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unapendekeza tangawizi kwa kichefuchefu cha miezi ya mwanzo. Hata hivyo, tangawizi haitibu malaria, wala haichukui nafasi ya dripu. Basi zahanati impime malaria na mkojo kila mjamzito anayetapika sana, na jamaa zake wasimwite mwenye kudeka.