Jina la Chuo Si Elimu

Ewe mwanafunzi, siku yaja utakapotakiwa kuandika majina ya vyuo unavyovitaka. Siku hiyo utasikia sauti nyingi. Baba atakutajia chuo kimoja, mwalimu atakitaja hicho hicho, na rafiki zako wote watakuwa wamekwisha kukiandika. Kabla hujaufuata mkumbo huo, nisikilize kidogo.

Kwanza, ifahamu hesabu. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024 watahiniwa 246,391 walipata C+ au zaidi, alama ambayo ndiyo ya chini kabisa ya kuingilia chuo kikuu kusomea shahada. Kati yao, waliopata A walikuwa 1,693. Sasa, chuo kikiwa na nafasi 100 za udaktari, na walioziomba wakiwa 3,000, basi 2,900 hawana budi kuachwa, hata kama wote ni hodari. KUCCPS, shirika la taifa linalogawa nafasi hizo, huwapanga waombaji kwa pointi zao, na wa mwisho kuingia aweza kumpita wa kwanza kuachwa kwa sehemu ndogo tu ya pointi moja. Je, sehemu hiyo ndiyo mpaka baina ya mwerevu na mjinga? La hasha! Ni uhaba wa viti tu. Kijana anayejiona si kitu kwa kuwa amekosa kiti anajidhulumu nafsi yake. Na mzazi anayemwonea haya mwanawe kwa sababu hiyo anamdhulumu zaidi.

Pili, tuyatazame hayo majina yenyewe. Makerere, ambayo sifa zake zimeenea Afrika Mashariki nzima, ilifunguliwa mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wakifundishwa useremala, ujenzi na umekanika. Chuo Kikuu cha Nairobi, kinachokimbiliwa leo na maelfu, kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1956 kikiwa chuo cha ufundi, wala hakikuwa chuo kikuu cha kujitegemea mpaka mwaka 1970. Waliotangulia hawakukuta jina la kujivika. Walifanya kazi, na kazi yao ndiyo iliyoleta jina. Nawe wataka kuvaa vazi walilolifuma wengine, hali hujashika hata uzi!

Wapo watakaonijibu kwamba waajiri hutazama jina la chuo. Sikatai kwamba wapo wafanyao hivyo. Lakini daktari aliyesomea Eldoret katika Chuo Kikuu cha Moi, na yule aliyesomea Nairobi, husajiliwa na baraza moja, na mgonjwa aliye kitandani hamwulizi yeyote kati yao alisomea wapi. Hutaka kupona. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sisemi usiombe chuo kikubwa. Pointi zako zikikaribia, omba bila hofu. Nikipingacho ni desturi ya kujaza nafasi zote za maombi kwa vyuo viwili vitatu vyenye sifa, bila kujua kozi yenyewe hufundisha nini, ada yake ni kiasi gani, na aliyepokelewa wa mwisho mwaka uliotangulia alikuwa na pointi ngapi. Huko si kuchagua. Ni kupiga bahati nasibu, na dau lake ni miaka ya ujana wako.

Basi chagua kozi kwanza, chuo baadaye. Weka ombi moja panapo tumaini, na mengine panapo uwezekano mkubwa, wala usiandike chochote ambacho ukipewa utakilia. Kumbuka kwamba chuo, kiwe kikubwa au kidogo, kitakupa kiti, kitabu na mwalimu. Elimu huna budi kuitafuta mwenyewe.