Soma namba kwanza, ndipo uflashi

Simu yangu ni Galaxy S9 iliyotoka Marekani, modeli SM-G960U. Kila ikiwaka ilionyesha nembo ya kampuni ya simu ya huko, na programu zake hazikufutika. Toleo lisilofungamana na kampuni yoyote ni U1. Kwa kuwa simu yenyewe ni ileile, mfumo wa U1 unaikubali.

Fundi wa kwanza niliyempa aiflashi, yaani aiwekee mfumo upya, aliiwekea toleo la zamani, simu ikagoma. Angetazama tarakimu ya tano kutoka mwisho wa namba ya toleo angejua: hiyo ni ngazi ya butiloda (programu inayowasha mfumo), na ukishapanda hushuki.

Mwishowe nilifanya mwenyewe kwa programu ya kompyuta iitwayo Odin, mafaili manne: BL, AP, CP na CSC. Hapo kwenye CSC nawasihi sana muwe makini. Hilo faili hufuta kila kitu, picha za wanao, sauti ya mzazi aliyetangulia mbele ya haki, vyote. Faili mbadala, HOME_CSC, limetengenezwa ili liviache, lakini ukihama kutoka U kwenda U1 usilitegemee. Hamisha vitu vyako kwanza.

Na tafadhali, kuflashi hakufungui laini. Kufuli ya mtandao ni kitu kingine kabisa. Simu iliyokataa laini za hapa Tanzania jana, baada ya kuflashiwa itazikataa vilevile. Inaniuma kuona watu wanatozwa hela kwa ahadi hiyo.