Ndege za Kale: Furaha Ohio, Kovu Meru na Embu

Waswahili husema, mtenda husahau, mtendwa hasahau. Methali hii tumezoea kuitumia katika ugomvi wa majirani na ndugu. Lakini mwisho wa juma mmoja nilioupitisha baina ya Embu na Meru umenionyesha kwamba inayahusu mataifa vile vile, hata katika mambo yanayoonekana kuwa ni ya kujifurahisha tu, kama ndege za zamani na mchezo wa mpira.

Nilikwenda huko kuwatazama wajukuu. Binti yangu anafundisha Embu na mumewe ni Mwislamu wa Meru mjini. Ijumaa nikashukia Embu, Jumamosi tukapanda sote Meru kwa wakwe. Siku zile zile mpwa wangu, ambaye riziki imempeleka Ohio huko Marekani, alikuwa akitutumia kwa simu picha za mapumziko yake na wanawe. Jumamosi aliwapeleka Dayton, kwenye makumbusho ya jeshi la anga la Marekani, ambako kuingia ni bure. Jumapili akawachukua Cincinnati kutazama futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira uliochongoka ncha mbili. Baba kukaa na wanawe ni jambo la kheri, nami sina la kumlaumu.

Katika picha za Dayton mlikuwamo ndege ndogo ya injini moja, yenye viti viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Wamarekani huiita T-6 Texan. Waingereza waliipa jina la Harvard. Zilitengenezwa zaidi ya 15,000, na marubani wengi wa Vita Kuu ya Pili walijifunzia humo. Hii leo zile zilizosalia husuguliwa zikang'aa, zikarushwa kwenye maonyesho huku watoto wakizipungia mikono.

Simu ilipofika mkononi mwa babu wa mkwe wangu, mzee aliyekwisha pita miaka 80, aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Alituambia kwamba yeye ndege hiyo aliijua kwa sauti kabla hajaijua kwa sura. Alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, na ngurumo yake ilikuwa na maana moja tu: huko juu msituni utapanda moshi, na jamaa waliokuwamo huenda wasirudi tena.

Mzee hakusema uongo. Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba, 1952, misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua ilipigwa marufuku, na aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi. Kuanzia mwaka 1953 ndege za Harvard ziliruka kutoka Mweiga, karibu na Nyeri, zikaangusha mabomu madogo ya ratili 20. Baadaye zikaja Lincoln kubwa za injini nne kutoka Eastleigh, Nairobi, na mabomu ya ratili 500 na 1,000. Ndege nyingine zilibeba vipaza sauti na kuwaita wapiganaji wajisalimishe. Chini yake, Wakikuyu, Waembu na Wameru, zaidi ya watu milioni moja, walihamishwa kwa nguvu na kutiwa katika vijiji vya kulindwa.

Wala si kwamba wote walikuwa upande mmoja. Katika nyumba ya mzee huyo, ami yake mmoja aliingia msituni na mwingine akawa homgadi. Hilo ndilo lililowafanya wengi wafunge midomo hata baada ya Uhuru. Jirani akisema, jirani mwenziwe huumia.

Huenda msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu akasema kwamba haya ni mambo ya bara, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Waliokamatwa huko waliletwa Mackinnon Road na Manyani, kando ya reli yetu. Wengine walivushwa bahari mpaka kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya mji wa Lamu. Mto Tana, unaopokea maji ya Mlima Kenya, hupita mpakani mwa Embu na pembezoni mwa mbuga ya Meru, kisha ukateremka Hola kabla ya kuingia baharini Kipini. Hapo Hola, tarehe 3 Machi, 1959, mahabusi 11 walipigwa mpaka wakafa, na habari ya kwanza iliyotolewa ilidai kwamba ni maji waliyokunywa. Hata mchele wa pishori tunaoupikia biriani una habari yake: mashamba ya Mwea, yaliyokuwa wakati huo katika wilaya ya Embu, yalianza kuchimbiwa mifereji na mahabusi katikati ya miaka ya 1950.

Turudi kwenye mchezo wa Jumapili, ambao vijana wa nyumba ile waliufuatia kwa simu, saa za usiku kwetu. Futiboli ya Kimarekani ni mchezo wa kutwaa ardhi. Timu hupewa nafasi nne za kusogea yadi kumi. Ikishindwa, mpira huchukuliwa na wapinzani. Maneno yake mengi ni ya vitani. Pasi ndefu huitwa bomu. Kumvamia kwa kishindo yule mgawaji mpira huitwa blitz, neno lile lile walilolitumia Waingereza kwa mabomu ya Wajerumani yaliyoipiga London mwaka 1940. Na mara nyingi, wimbo wa taifa unapomalizika, ndege za jeshi hupita juu ya uwanja, pengine hata hizo Texan za kale.

Mchezo huu sasa unasafirishwa. Tangu mwaka 2007 mechi za ligi yao zimekuwa zikichezwa London. Mwaka 2022 zilifika Munich, mwaka 2024 Sao Paulo, na mwaka 2025 Dublin. Kenya nayo imeguswa: Daniel Adongo, mchezaji wa raga wa Nairobi, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013. Aina yake isiyo na kuangushana imekubaliwa katika Olimpiki ya Los Angeles ya 2028. Sioni ubaya wa vijana wa Meru au wa Kisauni kuucheza. Mazoezi ni mazoezi.

Lakini tuone hekima ya wenzetu. Wamarekani wanajua kuhifadhi. Chuma chao hawakitupi, na humpeleka mtoto akakiguse Jumamosi, ili Jumapili ndege ikipita uwanjani moyo wake ujae fahari. Hapo hapo Dayton imewekwa Bockscar, ndege iliyoangusha bomu la atomiki juu ya Nagasaki tarehe 9 Agosti, 1945. Mwenye ndege ndiye mwenye makumbusho, na hadithi husimuliwa kutoka juu. Aliyekuwa chini asiposema mwenyewe, hana wa kumsemea.

Kunyamaza huku kuna hasara iliyokwisha onekana mahakamani. Mwaka 2011 ilifichuka kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imeficha mafaili mengi ya makoloni, yakiwamo ya Kenya. Mafaili hayo, pamoja na ushahidi wa wazee wachache waliosimama wakasema, ndiyo yaliyozaa matunda: mwaka 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa watu 5,228. Lakini kesi nyingine ya watu zaidi ya 40,000 ilitupwa mwaka 2018, kwa kuwa muda mrefu mno ulikuwa umepita. Huko London, basi, kuchelewa kusema kulihesabiwa kama kutosema.

Ukumbusho uliozinduliwa Uhuru Park mwaka 2015 ni jambo la heshima, lakini uko Nairobi. Meru ina makumbusho yake, katika nyumba iliyokuwa ofisi ya DC wa kikoloni. Ingefaa mtoto wa Embu, wa Meru na wa Pwani asikie humo sauti za waliotiwa vijijini, za waliokuwa Manda, na hata za waliokuwa homgadi, kila mmoja kwa kauli yake.

Tusingoje serikali. Simu iliyotuletea ndege ya Dayton inaweza pia kunasa sauti. Mwisho wa juma huu, msomaji, kama una mzee nyumbani, awe wa bara au wa mwambao, keti naye baada ya chakula umuulize aliona nini, alisikia nini, na ni nani hakurudi. Umwache aseme kwa lugha yake, tena usimkatize. Ndege ikichakaa, mafundi wataitafutia vipuri. Mzee akiondoka, aliyoyaona huondoka naye.