Kompyuta kuukuu za gemu: Faida huamuliwa kabla ya kuvuka mpaka

Kompyuta za mezani zilizostaafu katika ofisi za Ulaya na nchi za Ghuba ni bidhaa ya kawaida katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Kutoka huko, baadhi hupakiwa kwenye mabasi na malori madogo kuelekea Namanga, Holili, Busia na Mutukula. Huko ziendako, si zote zinazorudi kuandika barua za ofisi. Nyingine hununuliwa na kijana anayetaka kucheza gemu nyumbani, au na mwenye kibanda ambaye PlayStation zake mbili hazitoshi tena wateja.

Kwa mfanyabiashara, hesabu inaonekana nyepesi: nunua mashine ya ofisi kwa bei ndogo, chomeka kadi ya grafiki, uza kama mashine ya gemu. Hata hivyo, mambo matatu yaliyotokea katika miezi ya mwisho ya mwaka 2025 yameigeuza hesabu hiyo. Anayeendelea kununua kwa mazoea anaweza kujikuta na mzigo ambao upande wa pili wa mpaka hauuziki, na upande wa kwanza hakuna anayekubali kuurudisha.

Mambo matatu yaliyobadili soko

La kwanza ni Windows. Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha usaidizi wa kawaida kwa Windows 10. Watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza waliahidiwa masasisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Windows 11 nayo ina masharti: inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, karibu prosesa zote inazozikubali ni za kizazi cha 8 na kuendelea.

Sharti hilo limeligawa soko la mitumba katika makundi mawili. Mashine za kizazi cha 4, 6 na 7 ndizo ambazo ofisi zina sababu kubwa ya kuziondoa, na ndizo mchuuzi anazoonyeshwa kwanza kwa bei ya kuvutia. Bado zinawaka na bado zinacheza gemu nyingi za zamani, lakini muda wake unahesabika. Gemu ya Valorant, kwa mfano, haikubali kufunguka kwenye Windows 11 bila TPM 2.0 na Secure Boot kuwashwa, na Battlefield 6 iliyotoka Oktoba 2025 nayo inadai Secure Boot.

La pili ni kadi za grafiki. Oktoba 2025, Nvidia ilihitimisha kutoa draiva mpya za gemu kwa kadi za familia za Maxwell na Pascal. Zilizobaki ni draiva za kuziba mianya ya usalama, hadi Oktoba 2028. GTX 750 Ti na GTX 1050 Ti, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa kimbilio la mwenye bajeti ndogo, zimo katika kundi hilo. GTX 1650 ya mwaka 2019 haimo, kwa kuwa ni ya familia iliyofuata. Kadi iliyoachwa haifi siku hiyo, ila gemu mpya ikileta hitilafu hakuna atakayeirekebisha. Bei yake inapaswa kuonyesha hivyo.

La tatu ni RAM. Vituo vya data vya akili mnemba vimekuwa vikimeza chipu za kumbukumbu kwa wingi, na mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM duniani ilipanda kwa kasi. Desemba 3, 2025, Micron ilitangaza kuachana na biashara ya Crucial, jina lililojulikana kwa RAM na SSD zinazouzwa kwa watumiaji wa kawaida. Kwa mfanyabiashara wa mitumba, maana yake ni moja: RAM iliyomo ndani ya mashine ya ofisi si kitu cha kutupia kama nyongeza. Mashine mbili zinazofanana kwa nje, moja ikiwa na GB 8 na nyingine GB 16, hazistahili tena kutofautiana kwa bei ya chai.

Angalia mwili kabla ya kibandiko

Kosa linalokula mtaji wa wengi ni kununua kwa kusoma kibandiko cha prosesa. Core i7 inauzika kwa jina. Lakini Core i7-4770 ya mwaka 2013 ina kori 4, wakati Core i5-8500 ya mwaka 2018 ina kori 6 na inakubaliwa na Windows 11. Anayelipa zaidi kwa sababu ya herufi na tarakimu "i7" huenda amenunua mashine iliyo dhaifu zaidi na yenye maisha mafupi zaidi.

Kizazi kikishajulikana, kinachofuata ni umbo. Mashine za ofisi kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre hutoka katika maumbo matatu. Kuna mnara mrefu unaopokea kadi ya kimo cha kawaida. Kuna kasha jembamba, ambalo hupokea kadi fupi tu. Halafu kuna kile kidogo kama kitabu kinene, ambacho kwa kawaida hakina nafasi ya kadi ya grafiki ya kuchomeka. Hiki cha mwisho ni chepesi kubeba, na ndiyo sababu kinawavutia wasafiri wa mabasi. Kwa mteja wa ofisi ni bidhaa nzuri. Kwa mteja wa gemu ni mtego.

Baada ya umbo ni umeme. Nafasi ya kadi kwenye mazabodi hutoa hadi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo lazima ipate waya wake kutoka kwenye pawa sapulai, na mashine nyingi za ofisi hazina waya huo. OptiPlex 9020 ya mnara, mfano unaoonekana sana sokoni, huja na pawa sapulai ya wati 290. Fundi anayedhani ataitoa na kuweka nyingine ya dukani atakutana na jambo jingine: mazabodi yake inatumia plagi ya pini 8 badala ya ile ya kawaida ya pini 24, hivyo atahitaji adapta maalumu. Ikiwa adapta hiyo ipo Nairobi na mashine imeshafika Bukoba, faida imebaki njiani.

Ndiyo maana kadi zinazofaa mashine hizi ni zile zisizohitaji waya wa ziada: GTX 1650 katika matoleo yake ya wati 75, RTX 3050 ya GB 6 yenye wati 70 iliyotoka Februari 2024, au RX 6400 yenye wati 53. Zote tatu zina matoleo mafupi kwa makasha membamba. Hii RX 6400 ina sharti lake. Inatumia njia 4 tu za mawasiliano na mazabodi, kwa hiyo kwenye mashine za zamani zenye PCIe 3.0 hupoteza sehemu ya nguvu yake.

Mwenye kibanda ana sababu nyingine ya kupenda kadi za wati 75. RX 580, inayopatikana kwa wingi ikiwa imetumika, hula takribani wati 185. Tofauti ni wati 110. Kibanda chenye mashine 6 zinazocheza saa 8 kwa siku kitatumia karibu uniti 5.3 zaidi kila siku iwapo kadi zote zitafanya kazi kwa nguvu yake yote. Anayenunua LUKU Tanzania, tokeni Kenya au Yaka Uganda anajua mwisho wa mwezi hesabu hiyo inaishia wapi.

Shilingi iende wapi kwanza

Mteja akiwa na bajeti finyu, mpangilio wa matumizi una uzito kuliko ukubwa wa bajeti. SSD hutangulia. Diski ya zamani inayozunguka husoma takribani MB 100 hadi 150 kwa sekunde, wakati SSD ya kawaida ya SATA hufika karibu MB 500. Mashine itawaka haraka na gemu zitafunguka haraka, ingawa picha hazitatembea kwa wepesi zaidi. Muuzaji mwaminifu humweleza mteja tofauti hiyo mapema.

RAM hufuata. Vipande 2 vya GB 8 ni bora kuliko kipande kimoja cha GB 16, kwa sababu prosesa huvisoma vyote kwa pamoja. Mchuuzi anapaswa pia kujua kwamba DDR3 na DDR4 haziingiliani. Mashine ya kizazi cha 4 hutumia DDR3, na ya kizazi cha 8 hutumia DDR4. Kubeba RAM bila kujua mashine zinakokwenda ni kubahatisha.

Kadi ya grafiki ndiyo inayobadilisha mashine ya ofisi kuwa ya gemu, na ndiyo inayostahili sehemu kubwa ya fedha. Prosesa iwe ya mwisho. Kutoka i5-4570 kwenda i7-4770 kunawezekana bila kubadili mazabodi, lakini mara nyingi fedha hiyo ingefanya kazi zaidi kama ingeongezwa tangu mwanzo kununua mashine ya kizazi cha 8.

Kadi zenye majina ya kuazima

Sehemu hii ya soko ina udanganyifu wake. Zipo kadi kuukuu zilizoandikwa upya programu yake ya ndani ili zijitambulishe kwa kompyuta kama GTX 1050 Ti. Ipo pia RX 580 2048SP, toleo lililotengenezwa kwa soko la China likiwa na viini vya kuchakata 2,048 badala ya 2,304. Hiyo si bandia, ila kuilipia bei ya RX 580 kamili ni hasara. Aidha, kadi nyingi zilitoka kwenye mashamba ya kuchimba sarafu za kidijitali baada ya Ethereum kuacha mfumo huo Septemba 15, 2022. Nyingine zilifanya kazi usiku na mchana kwa miaka.

Kinga yake ni rahisi. Programu ya bure ya GPU-Z huonyesha kadi ni ipi hasa, na matoleo yake mapya huonya kadi inapokuwa bandia. Baada ya hapo, kadi iachwe icheze gemu nzito kwa nusu saa mbele ya mnunuzi. Muuzaji anayekataa majaribio hayo amekwisha kutoa jibu.

Mpakani hakuna njia ya mkato

Wachuuzi wengi wamezoea Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaompa mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani nafasi ya kupata cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani. Utaratibu huo ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kompyuta iliyotumika Uingereza haigeuki kuwa bidhaa ya Kenya kwa sababu imenunuliwa Luthuli.

Habari njema ni kwamba Ushuru wa Pamoja wa Forodha umeziweka kompyuta katika kundi la asilimia 0. Lakini ushuru si kodi pekee. Kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Tanzania na Uganda, na kila nchi ina misamaha, ada na masharti yake ya viwango. Mwenye mzigo anapaswa kumuuliza wakala wa forodha wa nchi anakokwenda kabla ya kununua, na asafiri na risiti zinazoonyesha mfano na namba ya kila mashine. Bila risiti, thamani ya mzigo itakadiriwa na afisa.

Kuna jambo moja zaidi. Tangu Januari 1, 2025, mabadiliko ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, zivuke mpaka baada tu ya nchi inayopokea kutoa ridhaa. Mashine inayofanya kazi ni bidhaa. Rundo la mashine zilizokufa zilizobebwa "kwa ajili ya spea" linaweza kuhesabiwa kuwa taka, na hapo mazungumzo na forodha hubadilika kabisa. Ushahidi kwamba kila mashine imewashwa na kupimwa unamlinda mchuuzi pande zote mbili, kwa afisa na kwa mteja.

Pengo linalobaki ni dhamana. Mashine ikigoma Arusha baada ya kununuliwa Nairobi, wiki moja ya dhamana ya duka humalizika kabla mzigo haujarudi. Soko la pamoja limefungua njia ya bidhaa kwenda, lakini njia ya bidhaa mbovu kurudi bado inategemea uhusiano wa mtu na mtu.

Kwa sababu hiyo, mchuuzi wa kompyuta hana budi kujibu maswali manne akiwa bado upande wa kwanza wa mpaka: mashine ni ya kizazi gani, kasha lake linapokea kadi ya kimo gani, pawa sapulai yake ina wati ngapi na plagi gani, na je, imewashwa mbele yake? Jibu moja likikosekana, bei ya chini aliyopewa ni hasara ambayo bado haijafika.