Kalamu inayolishwa na anayeandikwa

Limezuka katika mikoa ya Shinyanga na Geita kundi la vijana ambao kazi yao ni kutafuta habari na kuzichapisha wenyewe kwa njia ya mtandao, bila mhariri, bila mtambo wa kuchapa na bila gari la kusambaza magazeti. Kazi zao huitwa blogu. Mwalimu wa Bukombe anayetaka kujua nani amehamishwa, karani wa halmashauri ya Msalala, hata mkulima wa pamba wa Kishapu ambaye mwanawe ana simu, wote husoma humo. Magazeti makubwa ya Dar es Salaam aghalabu huikumbuka nchi ile ya dhahabu na almasi pale tu inapotokea ajali ya kutisha au ziara ya kiongozi. Blogu za mikoani, kama Malunde 1 ya Shinyanga, zimejaza pengo la kweli, na anayezibeza hajui habari ya wilayani huwa na thamani gani kwa mtu anayeishi wilayani.

Hata hivyo, lipo swali ambalo wasomaji wa blogu hizo, hasa watumishi wa serikali na walimu, hawapendi kuliuliza. Huyu anayewaandikia kila siku pasipo kuwatoza hata senti moja, anakula nini?

Jibu linajulikana katika kila ofisi, ingawa husemwa kwa kunong'ona. Mara nyingi mno anakula kwa yule anayemwandika. Mradi unazinduliwa, utepe unakatwa, hotuba inasomwa, kisha waandishi wanaitwa pembeni na kukabidhiwa bahasha ambayo katika vitabu vya hesabu huitwa nauli. Kesho yake blogu sita zina picha ile ile, maneno yale yale, na hata makosa yale yale ya tahajia, kwa kuwa zote zimenakili taarifa moja iliyoandikwa na ofisa habari wa mwenye mradi. Mchimbaji mdogo wa Geita anaifahamu sana hali hiyo. Mchanga uliokwisha kupita karashani mara ya kwanza na kutolewa dhahabu yake huitwa marudio. Msomaji wa siku hizi analishwa marudio, naye hushukuru kwa sababu amepewa bure.

Haikuanza hivyo. Ndesanjo Macha, mmoja wa waanzilishi wa blogu za Kiswahili, aliyefungua Jikomboe mwaka 2004 akiwa Marekani, hakuitegemea blogu impe chakula. Muhidin Issa Michuzi, aliyeanza mwaka 2005 na kuwa maarufu kuliko wote, alikuwa mpiga picha wa gazeti mwenye mshahara wake. Kwao blogu ilikuwa shamba la pili. Kijana wa Kahama wa leo, aliyemaliza chuo na kukosa ajira, anataka hilo liwe shamba lake la pekee, na ana haki ya kutaka hivyo. Kazi ya kuandika ni kazi. Anayesema ati ni mchezo wa vijana wavivu na atoke kijijini Nyarugusu, apande pikipiki kwenda kwenye shimo lililoporomoka, ahesabu waliofukiwa, abishane na msimamizi asiyetaka kusema, kisha aandike ukweli kabla ya jua kuzama, halafu arudi kusema kama alikuwa akicheza.

Zipo fedha nyingine zinazosemwa kuwa ndizo mkombozi wa mwandishi huyu, yaani matangazo yanayoletwa na kampuni ya Google ya Marekani na kubandikwa kwenye kurasa zake. Vijana wengi wamepewa semina na kuaminishwa kwamba watakula dola wakiwa wamelala. Yafaa hesabu ifanywe hadharani. Bei ya tangazo hupangwa kwa mnada, na mtangazaji huangalia msomaji ni nani na mfukoni ana nini. Msomaji wa London huuzwa ghali, msomaji wa Mbogwe huuzwa kwa bei ya kutupa. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba kurasa 1,000 zilizosomwa humpatia mwandishi nusu dola, yaani kiasi cha shilingi 1,250 dola moja ikiwa shilingi 2,500. Ili apate shilingi 500,000 ni lazima kurasa zake zisomwe mara 400,000. Tena kampuni hiyo haimlipi mtu mpaka fedha zake zifikie dola 100. Wapo wanaongoja miezi mingi kwa kiasi hicho, huku bando, umeme na mafuta ya pikipiki vikilipiwa kila siku.

Je, msomaji halipi kweli? Analipa, na analipa kila siku. Mwalimu anayenunua bando la shilingi 1,000 asubuhi ili asome habari ametoa fedha taslimu kama alivyotoa baba yake aliponunua gazeti. Tofauti ni kwamba fedha ya baba, baada ya muuzaji kuchukua chake, ilirudi kwa waliolitengeneza gazeti, ilhali fedha ya mwana inaishia kwenye kampuni ya simu. Kampuni haikutuma mtu Nyarugusu wala haikuhesabu waliofukiwa, lakini mrija ni wake, na kila aliye upande huu au upande ule wa mrija amekubali kuwa hivyo ndivyo dunia ilivyo.

Wakongwe watakumbusha kwamba magazeti ya chama na ya serikali ya miaka ya 1970 nayo hayakuishi kwa mauzo peke yake. Ni kweli. Lakini mwenye magazeti hayo alijulikana. Aliyenunua Uhuru alijua anasoma gazeti la chama, akalipima kwa kipimo hicho. Msomaji wa blogu ya leo hajui mwenye habari ni nani. Leo ni mgodi, kesho ni mkurugenzi, keshokutwa ni mgombea, na ukurasa ni ule ule wenye jina lile lile la kijana asiye na upande.

Madhara yake hayaonekani siku ya utepe. Yanaonekana siku ya msiba. Mwezi Oktoba 2015 shimo liliporomoka katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, na wachimbaji wakafukiwa chini. Walihesabiwa kuwa wamekufa. Siku ya 41, katikati ya Novemba, watu watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa kula wadudu na vyura na kunywa maji yaliyopenya kwenye mwamba. Dunia nzima iliandika habari hiyo walipotoka. Swali ni nani, katika siku 40 za katikati, alikuwa na nauli ya kwenda Nyangalata kila juma kuuliza kama uokoaji umekwisha kwa sababu watu wamekufa au kwa sababu waliohusika wamechoka. Habari ya namna hiyo haina bahasha. Aliyefukiwa hawezi kutoa nauli, na mke wake hana ofisa habari.

Ndivyo ilivyo pia kwa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui, lililopasuka mwezi Novemba 2022 na kumwaga tope kwenye makazi na mashamba ya vijiji vya jirani. Siku ya kupasuka kila mtu ana picha. Kazi ngumu ni ile ya mwaka unaofuata, ya kurudi nyumba kwa nyumba kuuliza nani amefidiwa, kwa kiasi gani na nani bado. Habari hiyo inataka mwandishi anayeweza kula bila kumwomba mwenye mgodi wala mwenye kijiji. Mwandishi wa namna hiyo, kwa mpango wa mapato ulivyo leo, ni adimu kama almasi yenyewe.

Katika hali hiyo serikali ilifanya nini? Mwezi Machi 2018 zilitolewa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, shilingi milioni 1 za leseni na shilingi milioni 1 za mwaka. Asiye na leseni aliwekewa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Shilingi milioni 2 na laki 1 kwa mwaka wa kwanza! Kijana wa Katoro mwenye simu moja aliwekwa mizani moja na kampuni yenye jengo la ghorofa. Wengi walifunga. Wengine walikimbilia kurasa za mitandao ya kijamii ambako hakuna jina wala anwani. Mwaka 2022 kanuni zilirekebishwa na ada ya leseni ikapunguzwa kutoka shilingi milioni 1 hadi shilingi 500,000. Hiyo ni hatua njema na haifai kunyimwa sifa yake. Lakini nusu ya mzigo usiobebeka bado ni mzigo, na mwenye kutafuta laki 5 kila mwaka kutoka kwenye kurasa zinazolipa nusu dola anajua mlango wa kubisha hodi. Ni mlango wa mwenye bahasha.

Serikali hiyo hiyo ilikwisha kuonyesha akili zaidi katika jambo linalofanana na hili, na ilionyesha akili hiyo pale pale Geita. Sheria ya Madini haimweki mwenye sululu kundi moja na mwenye mtambo. Ipo leseni ya mchimbaji mdogo, iliyotengwa kwa Watanzania. Ipo ya mchimbaji wa kati. Na ipo ya mgodi mkubwa wenye mtaji usiopungua dola milioni 100. Hakuna ofisa wa madini ambaye angethubutu kumtoza mchimbaji wa Nyarugusu ada ya mgodi mkubwa wa Geita. Zaidi ya hayo, mwaka 2019 kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 zilifutwa kwa wachimbaji wadogo, na mwezi Machi mwaka huo soko la dhahabu la Geita likafunguliwa. Dhahabu iliyokuwa ikiuzwa gizani, kwa bei aliyotaka dalali, ikawekewa mahali pa kupimwa mbele ya macho ya watu na bei ya siku ikajulikana. Serikali ilikuwa imetambua kwamba mtu mdogo akilemewa na tozo hatoi tozo, hujificha. Je, mantiki hiyo iliishia kwenye mawe? Kwa nini isimfikie mwenye kalamu?

Leseni ya mwandishi mdogo, yenye ada inayolingana na mapato yake, si upendeleo. Ingemtoa mtu gizani kama soko lilivyoitoa dhahabu.

Wapo wakuu wa idara watakaosema kwamba bahasha ni nauli tu, kwamba kijana ametoka mbali na ni utu kumsaidia. Hoja hii ina sura ya huruma na moyo wa biashara. Kama ni nauli, kwa nini haitolewi kwa yule aliyeandika kwamba zahanati haina dawa? Yeye naye alitoka mbali. Nauli inayolipwa kwa sifa na kunyimwa kwa lawama ni bei, na bei ya kitu kinachouzwa kwa siri ina jina lake katika sheria za nchi. Watumishi wanaolalamika barazani kwamba waandishi wa mikoani wamenunuliwa wangefaa kukumbuka ni nani aliyetia saini hati ya malipo.

Halmashauri za ukanda huu si maskini wa kutupwa. Zinapokea ushuru wa huduma kutoka migodini, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 migodi inatakiwa kupanga pamoja nazo matumizi ya fedha za kusaidia jamii. Zina zabuni za kutangaza, nafasi za kazi, viwanja, minada na chanjo. Matangazo hayo yanaweza kupewa blogu za wilaya kwa bei iliyobandikwa ukutani, kwa zamu inayojulikana, na juu ya kila moja yakaandikwa maneno mawili tu: Tangazo limelipiwa. Itasemwa kwamba mkurugenzi atalitumia tangazo kama fimbo, atawapa wanaomsifu na kuwanyima wengine. Anaweza. Lakini fimbo iliyo ubaoni, yenye orodha na tarehe, mkaguzi wa hesabu huiona na diwani huiulizia. Bahasha haionwi na yeyote.

Na msomaji naye asikae pembeni kama mgeni wa harusi. Watumishi na walimu wa Shinyanga na Geita wana desturi ya michango ambayo haina mfano. Arusi ya mtoto wa mwenzao ikitangazwa, kundi linafunguliwa kwenye simu, na mtu anayedai hana kitu anatuma shilingi 50,000 kabla ya mwisho wa mwezi, maana kamati ina orodha na majina husomwa. Shule yenye walimu 20, kila mmoja akituma shilingi 1,000 kwa mwezi kwa njia ya simu, imemlipa mwandishi shilingi 20,000. Shule 10 za kata mbili zimemlipa laki 2 kwa mwezi, zaidi ya ambacho kurasa zake zingeweza kumletea kutoka Marekani, nazo hazikumwomba aandike sifa ya mtu. Ndani ya miezi mitatu ada ya leseni imelipwa na chenji imebaki.

Mwandishi naye atatakiwa kutoa kitu kwa hao 200. Achapishe kila mwezi alichopokea na kimetoka kwa nani: kiasi gani cha wasomaji, kiasi gani cha halmashauri, kiasi gani cha mgodi. Atakayeona haya kuandika mstari wa mwisho na asipokee fedha yake.